Neno "imechoka"

Niliigeuza ile santuri chini ya taa, nikaiinamisha kidogo mwanga uteleze juu yake, nikaona nilichokuwa nakitafuta. Kuzunguka tundu la katikati, kwenye karatasi ya lebo, kulikuwa na mistari myembamba ya kijivu iliyopishana kama utando wa buibui. Kila anayekusanya santuri anaijua mistari hiyo. Mtu anaishusha sahani juu ya mashine bila kutazama, tundu linakikosa kijiti, anaisogeza huku na huku mpaka iingie. Ukifanya hivyo mara moja hakibaki kitu. Ukifanya miaka na miaka, lebo inaota mvi.

"Hii imechoka, Mzee," nikasema.

Sikusema kwa ubaya. Ni neno la kazi, tunalitumia sisi kwa sisi kila siku. Mzee alikuwa anahamia kwa binti yake, chumba kimoja tu, na santuri zake za jazi zilikuwa zimepangwa sakafuni mafungu mafungu. Aliniita nizipitie na kuchukua nitakazozipenda. Nilishaweka kando kama kumi na tano. Aliposikia neno lile akanyoosha mkono, nikampa. Akaiangalia upande huu na huu, akairudisha ndani ya jalada lake lililopasuka ukingoni, akaiegemeza kwenye mguu wa kiti alichokalia.

"Haijachoka," akasema. "Imesikilizwa."

Tukaendelea na fungu lililofuata.

Ile santuri hakuirudisha tena sakafuni.

Ya kwangu

Ile santuri ya Mzee ni *Cool Struttin'* ya mpiga piano Sonny Clark, namba 1588 ya kampuni ya Blue Note. Jalada lake sina haja ya kulieleza kwa msomaji wa ukurasa huu. Ile miguu inayokatiza barabarani mnaijua.

Nami ninayo. Nakala yangu ni ya mono, yaani ya sauti ya njia moja, ya zamani, na niliipata baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu sana. Lebo yake ni safi kama siku ilipotoka kiwandani. Ukiitazama chini ya taa hiyo hiyo niliyotumia kwa Mzee, huoni mstari hata mmoja kando ya tundu. Imekaa kabatini kwangu miaka minne.

Na katika miaka hiyo minne nilikuwa sijawahi kuipiga.

Albamu yenyewe nimeisikiliza mno. Ninayo kwenye simu, ninayo pia katika chapa ya miaka ya karibuni, na hiyo ndiyo niliyokuwa naweka mezani mwa mashine wageni wakija. Ile ya kabatini nilikuwa naitoa mara moja moja, naitazama, nasoma alama zake, nairudisha. Nilijiambia kwamba huko ni kuitunza. Usiku ule niliporudi kutoka kwa Mzee, na mabegi mawili mazito ya santuri mikononi, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kwenda kabatini. Niliitoa nikasimama nayo. Sijui nilitaka kuthibitisha nini. Nilitazama tundu lake safi, na kwa mara ya kwanza usafi ule haukunipa raha.

Alama ninazozisoma

Katikati ya mwisho wa muziki na ukingo wa lebo kuna ukanda mtupu, wenye mng'ao, upana wa kidole hivi. Mkusanyaji husoma pale kabla hajasoma jina la mwanamuziki. Kwenye nakala yangu pana herufi RVG. Mbali kidogo kuna kialama kinachofanana na sikio la mtu.

Sikio lile ni herufi P iliyopindishwa, nembo ya Plastylite, kiwanda kilichochapa santuri za Blue Note hadi 1966. Ukiliona, unajua umeshika chapa ya enzi hizo. Nimewahi kuona watu wazima wakishusha pumzi baada ya kulipapasa kwa kidole.

RVG ni Rudy Van Gelder, fundi wa kurekodi. Maana ya herufi zile ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekata mfereji, ile njia inayopitwa na sindano, wa sahani ya kwanza, ile inayozaa nyingine zote. Na habari zake nilikuwa nazijua siku zote bila kuzitafakari. Mchana alikuwa mtaalamu wa kupima macho. Saa nyingine alirekodi jazi kwenye sebule ya wazazi wake mjini Hackensack, New Jersey, na aliendelea hivyo mpaka 1959 alipohamia studio aliyoijenga Englewood Cliffs. *Cool Struttin'* ilirekodiwa Januari 5, 1958, kwa hiyo ni ya sebuleni.

Hilo lilinikaa. Sonny Clark alikuwa na miaka 26, Paul Chambers kwenye besi 22. Waliingia na Art Farmer wa tarumbeta, Jackie McLean wa saksafoni na Philly Joe Jones wa ngoma katika nyumba ambayo watu walikuwa wanaishi, wakapiga muziki utakaopelekwa kwenye sebule za watu wengine. Blue Note iliwalipa wanamuziki wake hata siku za mazoezi, jambo ambalo kampuni nyingi hazikulifanya, ili siku ya kurekodi kila kitu kiwe kimekaa sawa. Uangalifu wote ule ulikuwa na mwisho wake: mtu fulani, mahali fulani, ataweka sindano.

Mimi ni mtu huyo wa mwisho, na nilikuwa sijaiweka.

Hofu ya sindano

Wiki zile nilijitetea sana kichwani. Utetezi wangu mkubwa ulikuwa kwamba kila ukiipiga santuri unaipunguza. Basi nikakaa chini niutazame kwa haki.

LP, santuri ndefu kama hizi, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ina mfereji mmoja tu kila upande, ingawa macho hudhani ni mamia. Upande wa dakika 20 unazunguka karibu mara 670, na ukiunyoosha mfereji ule unapata zaidi ya mita 400. Ncha ya almasi inapita njia yote hiyo ikikandamizwa kwa gramu mbili hivi. Gramu mbili ni kitu kidogo, lakini ncha yenyewe ni ndogo kupita kiasi, kwa hiyo mgandamizo pale inapogusa ni mkubwa kweli. Hofu haikuzuka hewani.

Ila historia ya hofu hiyo ni ya mashine nyingine. Santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilifinyangwa kwa sheleki, utomvu wa wadudu, ukichanganywa na unga wa mawe. Unga ule uliwekwa makusudi uisage sindano ya chuma mpaka ilingane na mfereji, na ndiyo sababu sindano zilitupwa baada ya upande mmoja au miwili. Hata LP zilipokuja mwaka 1948, nyumba nyingi zilikuwa na mashine ambazo mkono wake wa sindano ni mzito, na sindano yenyewe imetumika mpaka ikawa kisu. Nyingi ya santuri tunazoziita zimechoka ziliumizwa na mikono hiyo. Mashine iliyopimwa vizuri, sindano isiyochakaa, sahani isiyo na vumbi: hapo madhara ya kuipiga mara moja ni madogo sana, na mtu anaweza kuipiga kwa miaka bila sikio kugundua kitu.

Haya yote niliyajua. Nimeshawaeleza wengine kwa maneno haya haya.

Kwa hiyo hofu yangu ilikuwa ya kitu kingine, na ilinichukua siku kadhaa kukubali. Sikuwa naogopa muziki upotee. Nilikuwa naogopa kupoteza ile hali ya kuwa mwenye nakala safi. Siku nitakapoishusha juu ya kijiti, hata kwa mkono wa uangalifu namna gani, nitakuwa na santuri ya zamani iliyopigwa, kama wengine wote.

Kosa tunaloliheshimu

Naomba nichepuke kidogo, kwa sababu jambo hili linahusiana.

Sisi tunaabudu chapa ya kwanza. Tunasema ndiyo iliyo karibu na chumba kile, na siku ile. Mara nyingi ni kweli. Lakini itazame *Kind of Blue* ya mpiga tarumbeta Miles Davis, santuri ambayo hata asiyekusanya anayo. Machi 2, 1959, mashine iliyorekodi kanda ilikuwa inakwenda polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda ile ilipopigwa kwa mwendo sahihi, muziki ulipanda juu kidogo, na ndivyo upande wote wa kwanza ulivyochapwa. Kosa halikurekebishwa mpaka 1992. Yaani wanafunzi wa muziki waliokaa na ala zao mbele ya spika, wakijaribu kumfuata Miles, walijikuta hawalingani naye, na ala zao hazikuwa na tatizo.

Anayelipia chapa ya kwanza ya 1959 analipia pia kosa hilo. Sisemi asilipie, hata mimi ningeipokea kwa mikono miwili. Nasema tu kwamba tulipoanza kuitazama santuri kama kitu kitakatifu, tuliacha kuiuliza swali jepesi: inasikikaje?

Waliopotea

Wakati huo huo dhamiri yangu ilikuwa na upande wa pili, na sitaki kuupuuza, kwa sababu ni upande wenye uzito.

Jazi ni muziki uliopotea kwa wingi. Buddy Bolden wa New Orleans, ambaye wenzake walimtaja kama mwanzo wa mambo yote, hakuacha sauti hata moja inayojulikana kubaki. Tuna picha yake moja na maneno ya waliomsikia. Halafu Agosti 1, 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiliwazuia wanachama wake kurekodi, kikidai malipo yatokanayo na santuri, na kampuni mbili kubwa, Victor na Columbia, hazikukubali mpaka Novemba 1944. Katika kipindi hicho hicho bibopu, mtindo mpya wa jazi, ilikuwa inazaliwa usiku kwenye vilabu vya Harlem, New York. Bendi ya Earl Hines ya 1943 ilikuwa na waasisi wake, Charlie Parker na Dizzy Gillespie, pamoja, na haikuingia studio. Na sheleki ilipoadimika kwa sababu ya vita, watu walihimizwa kutoa santuri zao kuukuu zikasagwe na kuchapwa upya. Kilichokuwa ndani yake kikasagwa nacho.

Ukishayajua haya, mkono wako unakuwa mwepesi wa kuficha. Unaona kila nakala iliyosalia ni manusura. Kuna usiku nililala nikiwa nimeamua kabisa kwamba niko sawa: wapo wa kupiga na wapo wa kuhifadhi, na mimi nimeangukia upande wa kuhifadhi.

Kilichonitoa hapo ni Japani.

Baada ya vita, santuri za jazi kutoka Marekani zilikuwa ghali mno kule kwa mtu wa kawaida. Mwenye mkahawa alinunua, na watu wakaja kusikiliza. Walikaa kimya mbele ya spika kubwa, kikombe kimoja cha kahawa kikiwasogeza saa nzima au mbili. Mikahawa hiyo, jazu kissa, ndiyo iliyowalea wasikilizaji wa nchi nzima. Na albamu mojawapo iliyopendwa huko kuliko ilivyopendwa kwao ni hii hii, *Cool Struttin'*. Sonny Clark alifariki Januari 1963 akiwa na miaka 31, na kule nyumbani jina lake halikuwa kubwa. Waliolibeba ni watu wa mbali waliokuwa wakiisikiliza sahani moja kwa zamu, wengi kwa pamoja, mpaka lebo yake, bila shaka, ikaota mvi kando ya tundu.

Hakuna aliyemhifadhi Sonny Clark kwa kumweka kabatini.

Usiku wa kwanza, na wa pili

Jumamosi moja niliisafisha sindano kwa brashi, nikaupima uzito wa mkono mara mbili, nikaitoa.

Ningependa kusema nilisikia ajabu. Sikusikia kitu. Nilikaa mbele ya spika nikiwa nimekaza mabega, nasubiri kasoro. Mzunguko wa tatu au wa nne kabla muziki haujaanza ikasikika "tik". Nikashtuka. Nikangoja irudi. Ikarudi, hafifu, halafu ikapotea, nami nikaendelea kuingoja wimbo mzima. Dakika tisa na zaidi za Sonny Clark zilipita nikiwa nasikiliza plastiki. Upande ulipokwisha niliinyanyua haraka nikaipeleka chini ya taa kuona kama nimeiumiza.

Nilisikitika kuliko wakati wowote tangu nianze kukusanya. Niligundua kwamba nimelifundisha sikio langu kazi ya jicho. Miaka yote ya kuinamisha sahani chini ya taa na kutafuta mkwaruzo imenifuata mpaka kwenye kiti cha kusikilizia.

Usiku wa pili nilizima taa zote.

Nilianza upande wa pili, makusudi, kwa sababu sikuwa nimeuzoea sana. Sikuona sahani, wala mkono wa mashine. Na katikati ya wimbo "Deep Night" kitu kikalegea. Piano ya Van Gelder ina sauti ya kufungiwa kidogo, kana kwamba mpigaji yuko chumba cha pili na mlango umerudishwa nusu. Wengi wanailalamikia, na zamani nami nililalamika nao. Gizani nilielewa kwamba huo ndio ukaribu wake. Huku ni kuwa nyumba moja na mtu anayepiga piano. Clark anasema sentensi kwa mkono wa kulia, ndefu, haina haraka, inakaribia kumalizika halafu inapata wazo jingine. Mkono wa kushoto unaitikia kwa neno moja moja, kama mtu anayesikiliza hadithi na kusema "ehe". Jackie McLean akaingia na ile saksafoni yake kali, yenye ukakasi, iliyo juu ya noti kwa unywele mmoja. Nilirudisha sindano mwanzo. Kisha nikageuza upande.

Niliipiga mara nne usiku ule. Tik ilikuwepo. Nilijua ipo kama unavyojua saa ya ukutani ipo.

Kwa Mzee

Nilimpigia simu binti yake, nikauliza kama nyumbani kwake kuna mashine. Akacheka. Akasema hicho ndicho kitu pekee alichokataa baba yake kukiacha, na sasa kimekaa juu ya kabati dogo kando ya kitanda, kimefunga hata njia ya kufungua dirisha.

Nilikwenda nayo ndani ya begi. Mzee alikuwa amekaa kitandani, amevaa koti. Ile nakala yake iliyopasuka jalada nikaiona mara moja, ya kwanza kabisa kwenye rafu yenye santuri zisizozidi ishirini.

"Shikamoo, Mzee. Nimekuletea mgeni," nikasema, nikampa ya kwangu.

"Marahaba, mwanangu."

Aliitoa polepole. Hakuitafuta taa. Aliipapasa ukingo kwa vidole, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya lebo.

"Hii haijatoka nyumbani," akasema.

"Haijatoka."

"Na wewe umekuja nayo."

"Nimekuja tuisikilize."

Nilitaka kumwomba samahani kwa neno lile la siku ile. Nilikuwa nimeliandaa njiani. Lakini alikuwa ameshanyanyuka, mkono mmoja juu ya kabati kujishikiza, mwingine umeibeba sahani kwa kiganja chini na kidole gumba pembeni, namna ya watu walioshika santuri ujana wao wote. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri kwa karibu. Akaishusha. Tundu likakikosa kijiti. Akaisogeza kushoto kidogo, ikakwama, akaisogeza kwake, nami nikasikia karatasi ya lebo ikikwaruzwa na chuma, mkwaruzo mdogo, mkavu. Mikono yangu ilinyanyuka yenyewe kutoka magotini.

Nikairudisha magotini.

Alijaribu mara ya tatu, ikaingia, sahani ikalala. Akapapasa mkono wa sindano, akaupata, akaushusha pale pale inapotakiwa bila kukosea hata kidogo, akarudi kukaa kitandani karibu yangu. Tik, ikasema sahani. Halafu wakaingia wote pamoja, wakitembea.